Kwa Nini Mtambo wa Makaa ya Mawe wa Lamu Haukujengwa

Kwasasi ni eneo la mashamba katika tarafa ya Hindi, upande wa bara wa Kaunti ya Lamu, kiasi cha kilomita 20 kaskazini mwa mji mkongwe wa Lamu. Huko hulimwa mahindi, ufuta, mihogo na korosho, na ukishuka kuelekea baharini unaikuta mikoko ya Ghuba ya Manda. Hapo ndipo kampuni ya Amu Power, iliyoundwa kwa ubia wa Centum na Gulf Energy, ilipokusudia kujenga mtambo wa umeme wa megawati 1,050 wa kuchoma makaa ya mawe, kwa gharama ya takriban dola bilioni 2 za Marekani, pamoja na bomba la moshi lenye urefu wa mita 210. Wizara ya Kawi iliitunuku zabuni mwaka 2014, leseni ya mazingira ikatoka Septemba 2016, na tarehe 26 Juni 2019 leseni hiyo ikafutwa kwa hukumu ya jopo la mazingira.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Waliouunga mkono mradi husema wanaharakati waliinyima nchi umeme na kuwanyima vijana wa Lamu ajira. Waliopinga husema wanyonge walilishinda jitu. Masimulizi yote mawili yanalipita kwa mbali jambo ambalo, ukiisoma hukumu yenyewe, limebeba uzito mkubwa kuliko moshi na kuliko jivu: tofauti iliyopo kati ya kumwarifu mtu na kumuuliza. Anayetaka kuelewa kwa nini miradi mikubwa hukwama mashambani, na kwa nini mingine hupita ikaacha kinyongo cha miaka mingi, hana budi kuifuata tofauti hiyo tangu kwenye ardhi, mpaka baharini, mpaka mahakamani.

Mtambo haukuja peke yake. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, Waziri Mkuu wa Ethiopia Meles Zenawi na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini walikutana Lamu kuzindua LAPSSET, mpango wa bandari, reli, barabara na bomba la mafuta wa kuiunganisha pwani hiyo na nchi zao. Mwaka uliofuata serikali mpya mjini Nairobi ikatangaza kwamba ingeongeza zaidi ya megawati 5,000 za umeme ndani ya miezi 40. Mtambo wa Kwasasi ulizaliwa ndani ya haraka hiyo. Makaa yenyewe yangeagizwa kwanza kutoka nje, hasa Afrika Kusini, hadi yale ya bonde la Mui huko Kitui yatakapoanza kuchimbwa. Kwa mtu wa Hindi, basi, mtambo ulikuwa mgeni wa pili au wa tatu kubisha hodi katika muda wa miaka michache, na wageni waliotangulia walikuwa wamekwisha mfundisha kitu.

Kilichomfundisha zaidi ni ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyotungwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya pwani, ilimtaka kila mwenye madai ya ardhi ajitokeze ayathibitishe, na ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya taji la Uingereza. Wengi hawakujitokeza, ama kwa kutojua, ama kwa sababu ardhi waliyoitumia haikuwa ya mtu mmoja wa kuidai. Uhuru ulipokuja, ardhi ya taji iligeuka kuwa ardhi ya serikali, na vita vya Shifta vya miaka ya 1960 vikawahamisha Wabajuni wengi kutoka vijiji vyao vya bara hadi visiwani na miji mingine ya pwani. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kuwa amewazika babu na bibi yake mahali pamoja, akala korosho za mikorosho waliyoipanda wao, na bado kwenye karatasi akaitwa skwota. Sheria ya Ardhi ya Jamii, ambayo ingeweza kuzitambua haki za namna hiyo, ilianza kutumika Septemba 2016, mwezi ule ule ambao mtambo ulipewa leseni.

Hili ndilo linalofanya neno «fidia» liwe gumu kuliko linavyosikika. Fidia hutolewa kwa anayeweza kuonyesha kwamba kilichochukuliwa ni chake. Mwenye hati ana la kuonyesha. Anayelima bila hati huonyesha miti na mimea, hulipwa thamani ya miti, na ardhi iliyo chini ya miti humpita. Mchungaji anayepitisha mifugo yake hapo wakati wa kiangazi hana hata mti.

Na mvuvi? Mvuvi hana hati ya bahari. Hapa inafaa kusimama kidogo, maana hoja za wavuvi wa Lamu hazieleweki kwa mtu asiyezijua pepo mbili za pwani hii. Wakati wa kaskazi, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia na vyombo vinaweza kutoka nje ya visiwa kwenda kwenye maji makuu. Ukiingia msimu wa kusi, bahari huchafuka, na mwenye dau au mashua ndogo isiyo na mashine hathubutu kuvuka miamba. Miezi hiyo yote huishi kwa maji ya ndani: ghuba, mikono ya bahari na vijito vinavyopita katikati ya mikoko, ambako hutega madema na kutupa nyavu. Kaunti ya Lamu peke yake ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kwenye mizizi yake ndipo samaki, kamba na kaa hukulia. Kwa hiyo maji ya Ghuba ya Manda si sehemu moja tu ya bahari kubwa, ambayo mtu akizuiwa anaweza kwenda kwingine. Ni ghala la miezi ya njaa. Mtambo ungechota maji hayo hayo kupoza mashine zake na kuyarudisha yakiwa na joto, huku meli za makaa zikipita juu yake. Mtaalamu aliyeletwa kutoka mbali akisema kwamba wavuvi wanaweza kuhamia maji ya nje, anazungumzia ramani. Wavuvi wanazungumzia mwezi wa Julai, wakati wa kusi.

Walikuwa na ushahidi karibu. Uchimbaji wa kina cha bandari mpya ya LAPSSET, uliokuwa ukiendelea katika ghuba hiyo hiyo, ulikuwa umekwisha vuruga maji na kuziba njia za vyombo vidogo. Wakaazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi ikaamua kwamba haki yao ya mazingira safi na haki zao za utamaduni zilikuwa zimevunjwa, na kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini ulikuja wakati zege limekwisha mwagwa. Gati la kwanza lilifunguliwa rasmi Mei 2021, na hakuna aliyetarajia kwamba mahakama ingeamuru bahari ifukuliwe irudi ilivyokuwa. Baada ya ujenzi, kilichobaki kudaiwa ni pesa. Kabla ya ujenzi, bado mtu anaweza kudai jibu la swali la msingi: je, kitu hiki kijengwe hapa?

Waliopinga makaa ya mawe walilifahamu hilo. Muungano wa Save Lamu, unaokusanya vikundi vya kijamii vya visiwani na bara, pamoja na wakaazi watano, ulikata rufaa Novemba 2016 katika Jopo la Kitaifa la Mazingira, linalojulikana kwa kifupi kama NET, ukisaidiwa na mawakili wa Katiba Institute. Sheria ya mazingira humpa mlalamikaji siku 60 tu baada ya leseni kutolewa, na wao waliwahi. Kwa wakati huo pia sheria hiyo, kama ilivyorekebishwa mwaka 2015, ilitaka mambo yabaki yalivyo mara rufaa inapofikishwa mbele ya jopo, mpaka iamuliwe. Msomaji wa kawaida atakiona kifungu hicho kuwa kikavu, lakini kilikuwa na nguvu kuliko maandamano yote, kwa kuwa kilisimamisha kazi kwa karibu miaka mitatu huku kesi ikisikilizwa.

Sasa tuje kwenye kiini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa katika kifungu cha 10, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya katika kifungu cha 42, na katika kifungu cha 69 inaitaka serikali ihimize wananchi washiriki katika kuyasimamia na kuyalinda mazingira. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003 zinaeleza jinsi ya kulifanya hilo: mwenye mradi abandike mabango mahali pa wazi karibu na eneo la mradi, achapishe tangazo katika gazeti linalosomwa nchi nzima kwa wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na afanye angalau mikutano mitatu ya hadhara na watakaoguswa, ili awaeleze mradi pamoja na athari zake na kuyapokea maoni yao kwa mdomo au kwa maandishi.

Kampuni ilikuwa na orodha ya mikutano. Hilo halikubishaniwa sana. Kilichobishaniwa ni kilichosemwa humo na wakati kiliposemwa. Jopo liliona kwamba mikutano hiyo ilikuwa ya utangulizi, iliyofanyika kabla ya uchunguzi wa athari kukamilika, na kwamba ripoti yenyewe ilipokuwa tayari haikurudishwa kwa watu wale wale ili waielewe na kuijibu.

Lifikirie jambo hili katika baraza la kawaida la kijijini. Chifu anawaita watu, wageni wanawasili na magari, wanasema kuna mradi mkubwa wa umeme unakuja, utaleta kazi na barabara, je, mna maoni gani? Watu wanauliza kuhusu kazi na kuhusu fidia. Mmoja anauliza kuhusu moshi, anaambiwa kwamba wataalamu wataliangalia hilo. Majina yanaandikwa, sahihi zinatiwa, picha zinapigwa. Miezi kadhaa baadaye wataalamu wanamaliza kuliangalia, na sasa ndipo inapojulikana bomba litakuwa na urefu gani, jivu litamwagwa wapi, maji yatarudi baharini yakiwa na joto kiasi gani. Majibu hayo yamo katika ripoti ndefu ya Kiingereza cha kitaalamu, iliyo katika ofisi au kwenye mtandao. Aliyeuliza kuhusu moshi haitwi tena, lakini jina lake limo kwenye kiambatisho kama mmoja wa walioshirikishwa. Kwa lugha yetu tuna maneno ya kutosha ya kulitaja lililotokea: ameitwa, amearifiwa, amesalimiwa hata. Hakushauriwa, kwa sababu siku aliyoulizwa hapakuwa na kitu cha kutolea shauri.

Jopo lilisimamia hoja hiyo kwa ukali, na likaongeza nyingine. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilikuwa imeanza kutumika Mei 2016, miezi michache kabla ya leseni, na bado ripoti ya mtambo ambao ungekuwa mchafuzi mkubwa kuliko wote nchini haikulishughulikia suala hilo inavyostahili. Maelezo kuhusu shimo la jivu karibu na bahari, ambalo lingeweza kuvujisha sumu kama zebaki, nayo yalionekana kuwa na upungufu. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilikosolewa kwa kutoa leseni juu ya msingi huo. Lakini tazama pia lile ambalo jopo halikusema. Halikusema makaa ya mawe ni haramu, wala halikusema Kwasasi kusijengwe chochote. Lilisema kwamba kampuni, ikitaka kuendelea, ifanye tathmini mpya kwa kufuata sheria.

Waliosherehekea siku ile mara nyingi hawakulizingatia hilo, na waliolalamika kwamba maendeleo yamezuiwa hawakulizingatia pia. Kama tatizo lilikuwa utaratibu peke yake, kwa nini kampuni haikurudi na mikutano mipya mwaka uliofuata? Ilichagua kukata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Malindi, na wakati rufaa ikingoja, upande wa fedha ulianza kubomoka.

Hapa hesabu ya umeme inaingia. Mahitaji ya juu kabisa ya umeme nchini Kenya mwaka 2019 hayakuwa yamefika megawati 2,000, na mitambo iliyokuwapo tayari iliyazidi. Mkataba wa miaka 25 wa kununua umeme wa Lamu ulikuwa na kile kinachoitwa malipo ya uwezo, yaani shirika la umeme lingemlipa mwenye mtambo kwa kuwa mtambo upo tayari, liutumie umeme wake au lisiutumie. Ni sawa na kukodi matatu kwa siku nzima: ukipanda usipande, saa kumi na mbili jioni dereva anataka chake. Taasisi ya uchambuzi wa fedha za nishati IEEFA ilikadiria mwaka 2019 kwamba deni hilo lingewafikia wateja kama dola bilioni 9 katika maisha ya mkataba. Kwa hiyo mpinzani wa Lamu aliyekuwa akitetea samaki alijikuta upande mmoja na mwenye duka wa Nakuru anayelia na bili ya umeme, ingawa pengine hawakuwahi kukutana.

Fedha huogopa kesi. Novemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilieleza kwamba haingeufadhili mradi. Mwaka 2020 kampuni ya General Electric, iliyokuwa imekubali kuingia kwa hisa na teknolojia, ilitangaza kuachana na ujenzi wa mitambo mipya ya makaa, na benki ya ICBC ya China, iliyokuwa itoe sehemu kubwa ya mkopo, ikajitoa. Septemba 2021 Rais Xi Jinping aliuambia Umoja wa Mataifa kwamba China haitajenga tena mitambo mipya ya makaa ng'ambo. Si haki kusema kwamba wakaazi wa Lamu ndio waliosababisha yote hayo, maana dunia yenyewe ilikuwa ikigeuka. Walichofanya ni kuuchelewesha mradi kwa muda wa kutosha hadi mgeuko huo ukaukuta ungali kwenye karatasi.

Ni kosa pia kusema «watu wa Lamu» kana kwamba walikuwa na kauli moja. Mwenye nyumba ya wageni huko Shela, kisiwani Lamu, ambaye riziki yake inategemea sifa ya mji uliotiwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, hautazami mradi kwa jicho la mkulima wa Hindi anayetumaini kwamba fidia itamjengea nyumba ya mawe. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kukaa miaka mitatu bila kazi ana haki ya kuuliza ikolojia itamlipa mshahara gani. Waliounga mkono hawakuwa wote wamenunuliwa, kama wapinzani wao walivyozoea kusema, na waliopinga hawakuwa wote vibaraka wa wafadhili wa kigeni. Mashauriano ya kweli yangewaweka watu hawa wote mbele ya takwimu zile zile: ajira ngapi za ujenzi na zitadumu kwa muda gani, ajira ngapi za kudumu na zinahitaji vyeti gani, fidia kiasi gani na kwa nani. Kwa sababu hayo hayakuwekwa wazi mapema, kila upande ulijaza pengo kwa tumaini lake au kwa hofu yake.

Kwamba kisa hiki hakihusu makaa peke yake kunaonekana ukitazama miradi isiyotoa moshi hata kidogo. Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua, wawekezaji walitaka kujenga mtambo wa upepo wa megawati 60.8 kwenye eneo la wakulima wadogo. Ardhi na njia ya kuipata, pamoja na uvumi kuhusu madhara kwa afya ambao haukujibiwa kwa wakati, viliwasha upinzani. Mwaka 2015 mtu mmoja aliuawa katika maandamano, na mwaka 2016 mradi ukafutwa. Huko Marsabit, mradi wa upepo wa Ziwa Turkana wenye megawati 310 ulijengwa ukakamilika, lakini Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 zilizotengewa mradi zilitolewa bila kufuata utaratibu uliohitajika kwa ardhi ya jamii. Mitambo ilikuwa ikizunguka tayari. Safari hii ni mwekezaji aliyejikuta kwenye ardhi yenye karatasi zenye mashaka, hali ambayo mkulima wa Kwasasi angemweleza vizuri kama angeulizwa.

Oktoba 2025 mahakama ya Malindi iliitupilia mbali rufaa ya Amu Power na kuuthibitisha uamuzi wa jopo. Kisheria mlango haujafungwa kwa kila mtu: mwekezaji yeyote anaweza kurudi na pendekezo la mtambo Kwasasi, wa makaa au wa kitu kingine. Atakachotakiwa kuanza nacho ni mabango kwenye soko la Hindi, tangazo la redio kwa lugha ambayo mvuvi wa kisiwa cha Pate anaielewa, na mikutano ambayo jivu, moshi na maji ya moto vitatajwa kwa kipimo chake, mbele ya watu ambao sasa wanajua kuuliza ripoti iko wapi kabla ya kutia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio.